Maswali ya Wasomaji: Duara Tupu Kwenye Sahani Lina Maana Gani?

Barua nne zilizochaguliwa kwa toleo hili zimetoka Mtwara na Lindi, na zote zinahusu kuvumwani, ile mimea midogo ya kijani inayotandaa kwenye kuta zenye unyevunyevu, magome ya miti na kingo za visima mvua zinapokolea. Waandishi wake hawajuani, lakini wote wanauliza jambo moja kwa sura tofauti: je, kuna kitu ndani ya mimea hii kinachozuia vijidudu, na mtu anajuaje? Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa majibu yanayofuata yanaiegemea.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Baiolojia katika shule ya sekondari karibu na Mikindani. Wanafunzi wa klabu ya sayansi walikwangua kuvumwani kwenye ukuta wa nyumba ya kale ya mawe, wakaianika, wakaitwanga na kuiloweka kwenye spiriti ya kusafishia vidonda. Kisha walichovya vipande vya karatasi ya chujio na kuviweka kwenye sahani ya petri yenye bakteria waliowapata kwa kugusisha vidole vyao. Kesho yake kila karatasi ilizungukwa na duara tupu lenye upana wa milimita 11. Je, tumegundua dawa? Na tufanye nini ili kazi hii ikubalike kwenye maonyesho ya wanasayansi chipukizi?
Mwalimu, Mikindani

JIBU: Ndugu Mwalimu, bado hamjagundua dawa, ingawa mlichokiona ni cha kweli na wanafunzi wako wanastahili pongezi kwa kukipima kwa rula badala ya kusema tu kwamba duara lilikuwa kubwa. Duara tupu linaeleza jambo moja, kwamba karibu na karatasi palikuwa na kitu kilichowazuia bakteria wasiote. Halielezi kitu hicho ni nini wala kimetoka wapi. Katika jaribio lenu kuna watuhumiwa wanne: mmea wenyewe, spiriti mliyotumia, vitu vilivyogandamana na mmea pale ukutani, na vijidudu vingine vinavyoishi katikati ya majani yake. Kazi ya upimaji ni kuwaondoa wale watatu wa mwisho, mmoja baada ya mwingine, mpaka abaki mmea peke yake.

Wazo lenyewe si la ovyo. Kuvumwani haina mizizi ya kweli wala gome, majani yake kwa spishi nyingi yana unene wa seli moja tu, nayo hukaa kwenye majimaji ambako kuvu na bakteria hustawi. Hata hivyo si kawaida kuikuta imeliwa na ukungu. Mmea usio na ngozi nene hauna budi kujikinga kwa kemikali, na ndiyo maana watafiti wameuchunguza kwa muda mrefu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hospitali za kijeshi za Uingereza zilifunga majeraha kwa Sphagnum, kuvumwani ya mabwawa ya nchi za baridi, na kufikia mwaka 1918 vifungio vya aina hiyo vipatavyo milioni moja vilikuwa vikipelekwa kila mwezi. Mchango wake mkubwa, kwa maoni yangu, ulikuwa uwezo wa kunyonya damu na usaha pamoja na asidi yake ya asili, kuliko dawa yoyote ya siri. Ushahidi wa karibu zaidi na swali lenu ni wa mwaka 1999, pale Adriana Basile na wenzake wa Napoli, Italia, walipotenga flavonoidi saba, yaani kemikali za aina moja zinazotengenezwa na mimea, kutoka kwenye spishi tano za kuvumwani na kuonyesha kwamba baadhi yake zinawazuia bakteria wagumu, akiwamo Pseudomonas aeruginosa. Mwaka 2006 watafiti wa Serbia nao walichapisha upimaji wa Bryum argenteum, kuvumwani ndogo yenye rangi ya fedha ambayo huota kwenye nyufa za sakafu za mijini karibu kila pembe ya dunia.

Sasa tuwashughulikie watuhumiwa. Spiriti ya dukani ni alkoholi iliyoongezwa vitu vingine ili watu wasiinywe, na kazi yake hasa ni kuua vijidudu. Barua yako haisemi kama mliweka karatasi nyingine iliyochovywa kwenye spiriti tupu, ikakaushwa kwa muda uleule na kuwekwa kwenye sahani ileile. Bila karatasi hiyo, milimita zenu 11 hazina cha kulinganishwa nacho. Kama karatasi ya spiriti tupu nayo itatoa milimita 11, basi mmea haujafanya lolote. Kama haitatoa duara kabisa, mmeshavuka kizingiti cha kwanza.

Kizingiti cha pili ndicho ninachotaka mkitilie maanani kuliko vingine, kwa sababu hata kazi za vyuo mara nyingine hukiruka. Kuvumwani hunywa maji na chochote kilichomo ndani ya maji kwa mwili wake wote, kama sifongo, na haichagui sana. Tabia hii inajulikana vizuri kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 Åke Rühling na Germund Tyler wa Sweden walianza kuitumia kupimia risasi na metali nyingine zinazodondoka kutoka hewani. Fikiria basi ukuta wa Mikindani. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hupigwa na upepo wa bahari wenye chumvi, na huenda juu yake kuna mabati ambayo mvua huyaosha na kuteremsha zinki. Chokaa, chumvi na zinki, kila kimoja kikizidi kiasi, kinaweza kuwazuia bakteria bila mmea kuhusika. Kwa hiyo chukueni pia vumbi la ukuta mtupu, hatua moja tu kutoka pale ilipoota kuvumwani, mlitwange, mliloweke na kulipima kwa hatua zilezile. Vilevile pimeni asidi ya kimiminika chenu kwa karatasi ya litimasi. Mkipata tofauti ya wazi kati ya ukuta mtupu na ukuta wenye mmea, nitaamini matokeo yenu kuliko ya mtu mwenye maabara ya gharama aliyesahau hatua hii. (Na kwa kuwa mmeshaanza kukwangua kuta za kale, ombeni idhini ya mwenye nyumba; na kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yanayolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, msiguse kabisa bila kibali.)

Mtuhumiwa wa mwisho hamtaweza kumwondoa shuleni. Katikati ya majani ya kuvumwani huishi bakteria na kuvu wa aina nyingi, na baadhi yao hutengeneza viuavijasumu vyao wenyewe. Maabara kubwa hulitatua hili kwa kuotesha kuvumwani kutoka kwenye mbegu zake za vumbi ndani ya chupa zisizo na kijidudu chochote. Ninyi andikeni tu kwenye taarifa kwamba uwezekano huo upo.

Kuna pia suala la kujua mmepima nini. Kinachokwanguliwa ukutani kwa kawaida ni mchanganyiko: kuvumwani ya aina mbili au tatu, mwani wa utelezi, na yale magamba ya kijivu yanayobandikana na mawe, ambayo si mmea na ambayo baadhi ya jamaa zake yana asidi ya usniki, kemikali inayojulikana kuzuia bakteria. Tengeni kwa mkono, chini ya lenzi, kila aina peke yake. Sehemu ya kila aina iwekwe ndani ya bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, ikiwa kavu na ikiwezekana ikiwa na vile vikombe vidogo vya mbegu juu ya vijiti vyake, kwa sababu bila hivyo hata mtaalamu hukwama. Juu ya bahasha andikeni mahali, tarehe na kitu ilichoota juu yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi ya mimea mikavu ambako bahasha kama hiyo inaweza kupewa jina la kisayansi. Matokeo yasiyo na jina la mmea hayarudiwi na mtu mwingine, na yasiyorudiwa hayana thamani.

Kuhusu bakteria wa vidoleni, naomba muache mara moja. Ngozi na pua ya mtu mzima mwenye afya vinaweza kuwa na Staphylococcus aureus, na kumwotesha kwa mamilioni ndani ya chumba cha darasa ni hatari isiyo na faida yoyote ya kielimu, hasa kwa kuwa hamjui kama walioota leo ni walewale wa jana. Sahani hizo zisifunguliwe. Zifungwe kwa utepe, zichemshwe ndani ya sufuria ya mgandamizo kwa dakika zisizopungua 15 baada ya kufikia nyuzi 121, ndipo zitupwe. Maabara za uchunguzi hutumia bakteria wenye namba zinazojulikana dunia nzima, kama vile Staphylococcus aureus ATCC 25923 na Escherichia coli ATCC 25922, lakini hao hawafai kufugwa shuleni. Ninyi tumieni hamira ya mkate, ambayo ni kuvu wa seli moja aitwaye Saccharomyces cerevisiae, na kama maabara ya chuo itakubali kuwapa, Bacillus subtilis. Mkipata matokeo ya kutia moyo, ombeni maabara ya hospitali ya rufaa irudie kipimo kwa bakteria wa magonjwa chini ya usimamizi wake.

Mkirudia, kusanyeni kuvumwani wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, inapokuwa hai. Ioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka mchanga uishe, kwa maana mchanga ukibaki mtakuwa mnapima uzito wa mchanga. Ikaushwe kivulini, kisha itwangwe. Gramu 10 za unga mkavu zinatosha, na kwa mmea mwepesi kama huu, kuzipata gramu hizo si kazi ndogo. Unga ulowekwe ndani ya mililita 100 za ethanoli ya maabara ya asilimia 70 kwa siku mbili au tatu, ndani ya chupa iliyofunikwa na kutikiswa mara kwa mara, uchujwe, kisha kimiminika kiachwe kikauke kwenye sahani pana mbele ya feni, mbali na jiko la aina yoyote, kwa sababu mvuke wa ethanoli hushika moto upesi. Masalia yanayobaki ndiyo dondoo. Yapimwe uzito, yayeyushwe tena kwa kiasi kinachojulikana, tuseme miligramu 100 kwa kila mililita, na kila karatasi ipewe mikrolita 10, yaani miligramu moja ya dondoo, kisha ikaushwe kabla ya kuwekwa kwenye sahani. Hapo ndipo mtaweza kusema duara la upana fulani limeletwa na kiasi fulani. Barua yako haina namba hiyo, na hii ni kasoro kubwa kuliko inavyoonekana.

Vipande vya karatasi vyenye upana wa milimita 6 hupatikana kwa mashine ya ofisini ya kutobolea karatasi. Utaratibu wenyewe ulichapishwa na Alfred Bauer, William Kirby na wenzao mwaka 1966, na masharti yake hayana mchezo: agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu ndani ya sahani, iwe na kina cha milimita 4, bakteria wapakwe kwa wingi unaokadiriwa kuwa milioni 150 kwa mililita, sahani zikae kwenye nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Agari ikiwa nyembamba, duara hupanuka bila dawa kuongezeka nguvu. Kwa hamira nyuzi 30 zinafaa zaidi. Kila kipimo kirudiwe angalau mara tatu, na anayepima maduara kwa rula asijue karatasi ipi ni ipi. Najua mnaishi jirani na wakulima wa mwani na huenda mkashawishika kuupika ili kupata agari; mwani unaolimwa sana pwani yetu hutoa karajinani, ambayo ni kitu kingine, na mtasumbuka bure.

SWALI: Mimi ni fundi sanifu wa maabara, niko Masasi. Nimepima dondoo la methanoli la kuvumwani kutoka kwenye majabali ya huku kwetu dhidi ya Staphylococcus aureus. Kwenye sahani nilipata duara la milimita 7 tu, ilhali karatasi yenyewe ni milimita 6, lakini kwenye mirija ya mchuzi wa kuoteshea bakteria hawakuota kabisa kwenye miligramu 2 kwa mililita. Niliyeyusha dondoo kwa dimethili salfoksaidi. Niamini kipimo kipi? Isitoshe, bakteria huyohuyo hakuzuiwa na ampisilini, hivyo naweza kuandika kwamba kuvumwani imeishinda ampisilini?
Fundi Sanifu, Masasi

JIBU: Ndugu yangu, amini mirija zaidi ya sahani, lakini usiiamini yote kwa yote. Agari kwa sehemu kubwa ni maji, na kemikali nyingi za mimea zenye asili ya mafuta hazisafiri ndani yake. Hubaki palepale kwenye karatasi. Ndiyo maana duara dogo halimaanishi dawa dhaifu, na duara kubwa linaweza kuwa ni la kitu chepesi kinachosambaa upesi. Kulinganisha mimea miwili kwa upana wa maduara yake ni kosa lililozoeleka, nami hulikuta mara nyingi kwenye taarifa zinazoletwa kwetu.

Mirija inakupa kile tunachokitafuta hasa, kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji, mradi upunguze dondoo kwa nusu kila hatua kutoka mrija mmoja hadi mwingine mpaka bakteria waanze kuota. Hata hivyo, kuna mambo mawili ya kuchunguza. La kwanza ni dimethili salfoksaidi yenyewe, ambayo ikizidi asilimia chache ndani ya mchuzi huanza kuwadhuru bakteria. Lazima pawe na mfululizo mzima wa mirija yenye kiyeyushi hicho peke yake, kwa viwango vilevile. La pili ni rangi. Dondoo la methanoli la kuvumwani ni la kijani kizito, na kuamua kwa macho kama mchuzi umechafuka kwa bakteria au kwa dondoo ni kubahatisha. Jacobus Eloff wa Afrika Kusini alichapisha mwaka 1998 njia inayofaa maabara zetu: vipimo vifanyike kwenye visima vidogo vya sahani ya plastiki, kisha itiwe chumvi ya tetrazoliamu ambayo bakteria walio hai huigeuza kuwa nyekundu. Kisima kisichobadilika rangi ndicho chenye jibu. Eloff alipendelea pia asetoni kuwa kiyeyushi, kwa kuwa huchota kemikali za aina nyingi na hukauka upesi.

Kuhusu namba yako, nitasema wazi: miligramu 2 kwa mililita ni udhaifu. José Luis Ríos na María Carmen Recio, katika makala yao ya mwaka 2005 yanayonukuliwa sana, walishauri kwamba dondoo linalohitaji zaidi ya miligramu 1 kwa mililita lisihesabiwe kuwa na nguvu, na kwamba la kuvutia ni lile linalofanya kazi chini ya mikrogramu 100. Namba yako ni mara 20 ya mpaka huo wa pili. Karibu mmea wowote, ukiukoleza vya kutosha, utamsumbua bakteria.

Usisahau kwamba mrija ambao bakteria hawakuota unaonyesha kuzuia, si kuua. Chota kidogo kutoka kwenye kila mrija ambao haukuota, upake kwenye agari mpya isiyo na dondoo na usubiri hadi kesho yake. Wakiota, walikuwa wamelala tu. Rudia pia kipimo chote kwa Escherichia coli. Bakteria wa kundi lake wana utando wa ziada wa nje unaozuia kemikali nyingi kupenya, na dondoo linalowaweza hao pamoja na Staphylococcus lina uzito wa pekee.

Ampisilini iache. Staphylococcus wengi wa hospitalini wana kimeng'enya kinachoivunja, hivyo ulichokipima ni usugu wa bakteria wako. Tena karatasi ya ampisilini ina mikrogramu 10 za dawa safi, ilhali karatasi ya dondoo aghalabu hubeba miligramu nzima ya mchanganyiko. Hayo si mashindano ya haki. Tumia dawa ambayo bakteria wako anaathirika nayo, kwa mfano jentamisini, na uiite tu uthibitisho kwamba sahani zako zinafanya kazi.

Kabla hujamwita mtu yeyote mwenye fedha za utafiti, pima sumu. Kipimo cha bei nafuu ni kile cha viduvi wa maji ya chumvi, aina ya kamba wadogo sana wanaoanguliwa kutoka kwenye mayai makavu yanayouzwa kwa wafugaji wa samaki: watie kwenye viwango tofauti vya dondoo na uhesabu waliokufa baada ya saa 24. Watafiti wa Taasisi ya Dawa Asilia pale Muhimbili wamekitumia sana kwa mimea ya Tanzania. Kama viduvi wanakufa kwenye kiwango kilekile kinachowazuia bakteria, au chini yake, dondoo lako huenda ni sumu ya kila kilicho hai.

SWALI: Hapa Lindi wazee wetu walikuwa wakibandika kuvumwani ya kisimani kwenye jeraha la panga au jembe. Mjukuu wangu amejikata mguu na nimesikia wanasayansi wamethibitisha kwamba inaua vijidudu. Niiweke?
Bibi, Lindi

JIBU: Shikamoo Bibi. Usiiweke. Kilichothibitishwa maabara ni kwamba kemikali fulani zilizotolewa kwenye kuvumwani, zikasafishwa na kukolezwa, zinawazuia bakteria fulani kwenye sahani. Kuvumwani mbichi ya kisimani ni kitu tofauti, nayo hubeba udongo, na udongo hubeba vijimbegu vya bakteria wa pepopunda. Mwaka 1988 nchini Marekani watu 84 katika majimbo 15 walipata vidonda sugu vya ngozi vinavyoletwa na kuvu aitwaye Sporothrix schenckii baada ya kushika Sphagnum iliyotumika kufungia miche. Ndiyo kuvumwani ileile iliyosifiwa vitani. Wazee hawakuwa wajinga, kwani kitu chenye kunyonya damu kilisaidia pale ambapo hapakuwa na pamba. Leo osha mguu wa mtoto kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, ufunge kwa kitambaa safi, na umpeleke kituo cha afya akaangaliwe chanjo yake ya pepopunda, hata kama jeraha linaonekana dogo.

SWALI: Nina mikorosho Tandahimba. Nimeona kwamba mikorosho yenye kuvumwani nyingi shinani haipati ugonjwa wa ubwiri unga kama mingine. Salfa ya kuuzuia ni ghali. Je, nikichemsha kuvumwani na kupulizia, itafaa badala ya salfa? Na kama haitoshi, naweza kuagiza kutoka msitu wa Rondo?
Mkulima, Tandahimba

JIBU: Mzee wangu, umeangalia shamba lako kwa makini, lakini nadhani umeona sababu na matokeo yakiwa yamegeuzwa. Ubwiri unga hushambulia machipukizi laini, maua na vikorosho vichanga; gome la shina kuukuu haliugui, liwe na kuvumwani au lisiwe nayo. Mkorosho wenye kuvumwani nyingi shinani kwa kawaida ni mkubwa, wenye kivuli na unyevu, nao huenda una umri au aina tofauti na mingine. Jambo hilo peke yake linaweza kuleta tofauti uliyoiona.

Tena kuna salfa yenyewe. Kila msimu unapopuliza, vumbi hushuka na kutua shinani, na nimekwisha kumweleza Mwalimu wa Mikindani jinsi kuvumwani inavyohifadhi kila kinachoiangukia. Ukichemsha kuvumwani ya mikorosho yako na ukaona imezuia kuvu, inawezekana sana kwamba umechemsha salfa yako ya mwaka jana pamoja na viuatilifu vingine vilivyopita shambani. Mtu anayetaka kupima kuvumwani ya kusini mwa nchi yetu kwa ajili ya kuvu asiichukue kamwe kwenye mikorosho inayopuliziwa, wala kwenye miti iliyo jirani, kwa sababu vumbi hilo husafiri na upepo.

Kipimo cha sahani nacho hakikusaidii hapa, na hili hata wasomi wengine hulisahau. Kuvu wa ubwiri unga, Oidium anacardii, hukua juu ya mmea ulio hai tu. Ukimpaka kwenye agari hakui kabisa, uweke dawa usiweke. Mtu akikuonyesha sahani na kudai ameushinda ubwiri unga, muulize aliotesha nini. Kipimo halali ni cha miche ya mikorosho: majani machanga yapuliziwe dondoo, mengine kiyeyushi kitupu, mengine salfa, kisha yote yapakwe vumbi la ugonjwa na kuhesabiwa madoa siku kadhaa baadaye. Kazi ya namna hiyo inawezekana, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, walichapisha mwaka 2005 matokeo ya madondoo ya kuvumwani na jamaa zake dhidi ya vimelea wanaoshambulia nyanya na viazi, akiwamo Phytophthora infestans. Mazao yao ni mengine na ugonjwa wao ni mwingine. Mahali pa kupeleka swali lako ni Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, ambacho ndicho chenye dhamana ya korosho.

Kuhusu Rondo, jibu ni hapana. Msitu wa hifadhi hauvunwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na hata kibali kingekuwapo, hesabu haikubali: kuvumwani hukua polepole mno, na kiasi cha kupulizia ekari chache tu za mikorosho kingeacha magome ya msitu mzima yakiwa matupu. Hata ile hatua ya kuuza dawa ya mimea kwa jirani yako inataka usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania.

Msimu huu endelea na salfa kwa vipimo unavyopewa na afisa ugani. Lakini ile mikorosho yako isiyougua, iwekee alama, na safari hii uache miwili au mitatu bila kupuliza. Ikiendelea kutoa maua safi huku jirani zake wakiwa weupe kwa ubwiri unga, wapelekee watu wa Naliendele taarifa ya mikorosho hiyo. Wao huchagua mbegu zinazostahimili ugonjwa, na mti wa namna hiyo wataufuata wenyewe hadi shambani kwako.